Mchimba Visima Aliyekataa Kikombe

Jirani yetu wa Ruiru alikuwa mchimba visima, na maji ya kisima hakuyanywa. Ya kisima chake hakuyanywa, ya kisima cha mwingine hakuyanywa, mpaka kwanza yapite kwenye mchanga. Watu walimcheka, wakamwuliza kama kuna mwoka mikate asiyekula mkate. Hakukasirika. Alisema, "Kazi yangu ni kuyafikia. Kuyafikia si kuyajua."

Sisi tulimwita mchimbaji tu. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na magoti yake yalikuwa magumu kama visigino kwa kujikaza kwenye kuta za shimo. Udongo mwekundu ulikuwa umeingia chini ya kucha zake ukakaa huko. Hata siku ya kanisa, akiwa amevaa koti na shati jeupe, ungemjua kwa kucha.

Yeye na mkewe walitoka magharibi, wakapanga chumba kilichotazamana na mlango wetu. Lugha yao hatukuijua na yetu waliijua nusu, kwa hiyo tulisemezana kwa Kiswahili, kila mtu akikivunja kwa upande wake. Mimi sikuwa msemaji kwa lugha yoyote. Labda ndiyo sababu nilimsikia sana.

Akiwa shimoni aliimba. Zilikuwa nyimbo za kanisa za kwao, na sauti ilipanda nene kuliko ilivyotoka mdomoni, hata watoto wakainama kutazama kama huko chini kuna watu wawili. Haikuwa furaha tu. Mkewe alikaa ukingoni ameshika kamba, akimsikiliza kama mtu anayesikiliza chungu jikoni. Wimbo ukiwa mzito alijua mumewe amefika kwenye jiwe. Wimbo ukikatika katikati ya neno, alivuta kamba bila kuuliza na kuita watu, maana hewa ya chini inaweza kumlaza mtu kabla hajajua ana usingizi. Asubuhi waliteremsha kwanza kibatari kilichowashwa. Kikizimika njiani, siku hiyo hakuna kazi, mwenye kisima aseme atakalo.

Mtu huyo asiyeogopa kushuka aliogopa kupanda. Paa la chumba chao lilipovuja, mkewe ndiye aliyepanda na nyundo. Yeye alishika ngazi kwa mikono miwili, amefumba macho.

"Niko juu mimi, unatetemeka wewe," mkewe akamwambia.

"Wewe piga misumari ushuke," alijibu. "Huko juu si mahali pa watu."

Mama yangu alicheka mpaka akaketi kizingitini.

Alipoitwa kutafuta mahali pa kuchimba, swali lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa, "Choo kiko wapi?" Wenye nyumba waliona haya, mgeni hata kiti hajakikalia. Walimwonyesha njia, wengine wakawaondoa watoto njiani haraka. Naye alikwenda, akasimama nje ya choo, akatazama mteremko wa ardhi, akarudi.

"Hapa siwezi," alimwambia mzee mmoja wa upande wa Mwihoko. "Choo chako kiko juu, kisima unakitaka chini. Hawa watakutana."

"Watakutana namna gani na kuna udongo katikati?"

"Mvua itawajulisha."

Alipoteza kazi nyingi namna hiyo. Wenye mashamba walimtafuta mchimbaji mwingine asiyeuliza habari za choo, na visima vikachimbwa palepale alipokataa. Mkewe alilalamika kidogo, kisha akaacha. Alimwambia mama kwamba mwanamume wake amezaliwa na shingo isiyogeuka, na kwamba shingo hiyohiyo ndiyo iliyomfanya amwoe yeye ndugu zake walipokuwa hawataki.

Chujio lao lilikaa kando ya mlango, kivulini. Lilikuwa pipa dogo la bati. Chini waliweka kokoto kubwa, juu yake kokoto ndogo, na juu kabisa mchanga wa mto ambao mkewe aliuosha na kuuosha tena, mpaka maji ya kuoshea yakabaki kama hayajaguswa. Kibomba kilitokea karibu na chini ya pipa, kikapanda kwa nje hadi juu kidogo ya usawa wa mchanga, ili mchanga usikauke kamwe. Maji ya kisima yalimiminwa juu ya kibati chenye matundu, yakadondoka taratibu bila kuuchimba mchanga.

Baada ya majuma kadhaa, juu ya mchanga palitanda utando mwembamba wenye rangi ya matope, unaoteleza. Nilipouona mara ya kwanza nilidhani ni uchafu, na kwa kweli mwanamke yeyote msafi wa mtaani kwetu angeukwangua. Mchimbaji alisema huo ndio unaofanya kazi yenyewe, mchanga ni kitanda chake tu. Jambo hilo alifundishwa alipochimba kisima kwenye hospitali moja ndogo iliyokuwa na tangi la mchanga kubwa kama chumba. Msaidizi wa hospitali alimweleza mara moja tu, naye hakulisahau.

"Amelala," alisema, kama anazungumza juu ya mtoto. "Ukimwamsha anaacha kazi, na kumlaza tena si leo wala kesho."

Kwa watoto wadogo na wagonjwa, mkewe aliyachemsha hata hayo yaliyochujwa. Wengine wote walikunywa moja kwa moja kutoka kibombani, na maji yalikuwa baridi, hayana harufu ya chochote. Mama mwanzoni hakuamini. Alinyanyua kikombe cha maji ya kisima kwenye mwanga, akamwonyesha yalivyokuwa maangavu.

"Haya yana kosa gani, mzee?"

"Maji meupe ni kama mgeni aliyevaa vizuri," mchimbaji akasema. "Hujui jana alilala wapi."

Mama alikitazama kikombe muda mrefu. Mwisho tulitengeneza pipa letu, na mvua kubwa zilizofuata zilipita bila wadogo zangu kuhara. Mama akawa mhubiri wa mchanga kuliko mchimbaji mwenyewe.

Nisiseme kwamba mtu huyu alikuwa msafi. Mapera aliyaokota chini, akayafuta kwenye suruali na kuyala. Tumbaku ya kunusa aliichota kwa kucha zilezile. Watoto aliwafukuza karibu na pipa, lakini paka wake alilala juu ya mfuniko mchana kutwa na hakuna aliyeruhusiwa kumgusa.

"Maji tumeyachuja," mkewe alimwambia. "Mdomo wako utachujwa na nani?"

"Mdomo ni wangu. Maji ni ya watu."

Sasa nieleze habari ya kikombe, maana wengi wanamjua kwa habari hiyo tu, na wengi wanaisimulia vibaya.

Huku kwetu kisima kikiisha kuchimbwa, mwenye kisima huwaalika majirani, na mchimbaji hunywa kikombe cha kwanza mbele yao. Ni kama kiapo chake, kwamba hakuacha kitu kibaya chini wala kinyongo na mwenye boma. Watu wa Ruiru walikuwa wamemzoea mchimbaji wetu. Walimwacha anywe baadaye, siku mchanga wao ukiwa tayari. Lakini Thika hawakumjua, na ni mama yangu aliyempeleka huko. Dada yake mkubwa ameolewa Kiganjo, palepale Thika, na mtu mwenye duka. Huyo kwangu ni baba mkubwa, mtu mwenye sauti nzito, mzee wa kanisa, anayependa mambo yake yaonekane. Alitaka kisima, mama akamsifia jirani yetu, akasema, "Huyu nakuhakikishia mimi."

Jiwe la Kiganjo lilikuwa gumu sana. Mchimbaji alilipiga kwa mtaimbo majuma mengi, akarudi nyumbani mwishoni mwa juma mikono imevimba. Alipofikia maji, baba mkubwa alifurahi kama aliyepata mtoto, akaalika watu wa kanisa Jumapili. Mchimbaji alikuwa amemwambia mapema kwamba yeye hanywi maji yasiyopita mchangani. Baba mkubwa alidhani ni adabu ya mgeni anayekataa mara ya kwanza ili abembelezwe.

Hapo ndipo mchimbaji alipofanya kosa, na kosa lilikuwa la mapenzi. Hakutaka kumwaibisha mwenye boma. Akaamua kulipeleka pipa lake mwenyewe Thika, achuje maji ya kwanza hapohapo, anywe mbele ya wote.

"Ataamka," mkewe akamwambia.

"Nitamshika."

"Utashika pipa. Yeye utamshikaje?"

Waliondoa sehemu ya maji juu, wakalipakia pipa kwenye lori la mboga. Mama alikuwa ameomba ruhusa ya kusafiri, maana miaka ile mtu wa kwetu hakutoka mjini bila karatasi ya serikali, na mimi nilikuwa naye. Mchimbaji alikaa nyuma ya lori amelikumbatia pipa, shavu lake likigusa bati, kama mtu anayempeleka mgonjwa. Barabara ilikuwa na mawimbi ya vumbi gumu. Kila lori liliporuka nilisikia kokoto zikizungumza ndani.

Tulikuta meza imewekwa nje ya duka, na juu yake kikombe cheupe cha bati. Watu wa kanisa walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, na vijana wamejaa barazani mwa duka. Maji ya kwanza yalivutwa, yakamiminwa kwenye pipa. Tukangoja. Kutoka kibombani yalitoka maji ya rangi ya chai.

Mchimbaji aliyamwaga, akamimina mengine. Yakatoka yaleyale. Akamimina tena.

"Mzee," kijana mmoja akaita kutoka barazani, "hiyo ni maji ama chai? Tulete mkate?"

Watu wakacheka. Hata mzee aliyekuwa amefungua Biblia alicheka, akaifunga. Baba mkubwa hakucheka. Alichota kikombe kutoka kwenye ndoo ya kisima, akakinyanyua watu waone. Maji yalikuwa maangavu kabisa.

"Ona hii. Achana na hiyo pipa yako. Kunywa, mzee, watu waende nyumbani."

"Siwezi, bwana."

"Huwezi ama hutaki?"

"Sitaki," akasema.

Kicheko kilikwisha. Katika miaka ile mtu kukataa kikombe mbele ya watu halikuwa jambo dogo. Watu walitazamana, kisha wakatazama kisima.

"Umeweka nini huko chini?" baba mkubwa akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Sikuweka kitu. Ila kilichomo sikijui. Na wewe hukijui."

"Majirani wangu wananiangalia, unajua?"

"Naona."

Baba mkubwa alimwaga kikombe mbele ya miguu ya mchimbaji, vumbi likarukia viatu vyake vya kanisani. "Beba pipa yako," akasema, akaingia dukani.

Tuliporudi, tuliteremka lorini karibu na stesheni ya Ruiru, na mama hakuweza kujizuia tena. "Si ungemeza tu? Kikombe kimoja. Umeshakula mapera ya chini miaka yote hii."

"Ningemeza mimi mara moja," mchimbaji akasema. "Kisha wale wangemeza kila siku, na wangesema, si hata mchimbaji alikunywa."

Mama alikasirika naye kwa muda, kwa sababu alikuwa amemhakikishia dada yake, na sasa dada yake alikuwa hamtumii salamu. Lakini sikuwahi kumsikia akisema kwamba mchimbaji alikosea.

Habari zilifika Ruiru upesi. Kila aliyesimulia aliongeza kidogo. Mmoja alisema mchimbaji alikimbia, mwingine akasema maji yalitoka damu. Watu waliomzoea nao wakaanza kusitasita, maana nani anataka majirani wakitazame kisima chake hivyo? Hakuna aliyemwita tena. Alikwenda kuvunja kokoto kwenye machimbo ya mawe, kazi ya juu ya ardhi, kwenye jua, na vumbi lake likamwanzishia kikohozi. Mkewe alifua nguo za watu. Kamba ya kushukia ilitundikwa ukutani, na kila Jumamosi mkewe aliianika, akaikagua uzi kwa uzi, akaitundika tena. Mama akirudi sokoni, mchimbaji alimsalimu, akamwuliza habari za bei za viazi, kisha mwishoni, kama jambo lililomjia tu, "Hakuna aliyeulizia kisima?"

"Bado, mzee."

"Haya. Watauliza."

Nilimwona akilizwa na jambo hilo zaidi kuliko kokoto. Hakuwa na watoto wala shamba hapa kwetu. Alikuwa na jina la mchimbaji, na sasa hata hilo watu walilitamka wakitabasamu. Lakini pipa lake alililaza upya, mchanga ukaoshwa, utando ukangojwa majuma yote unayotaka, na majirani wale wale wasiompa kazi waliendelea kuja na majagi yao kuomba maji. Hakumnyima hata mmoja. Aliwakumbusha tu wamimine ndoo moja juu kabla ya kuchota.

Mara ya mwisho nilipokaa naye siku nzima ilikuwa baada ya mvua za mwaka jana. Mtoto wa mwisho wa mama mkubwa alikuwa ameugua tumbo mpaka akalazwa, akatoka hospitali macho yakiwa makubwa usoni. Mama mkubwa alituma neno kwa siri. Mchimbaji aje, apite nyuma, na mwenye nyumba asijue. Mama hakuweza kuacha kibanda chake cha sokoni, kwa hiyo nilikwenda mimi kumwonyesha mzee njia ya nyuma.

Mchimbaji hakuuliza kwa nini ya nyuma. Njiani alikohoa sana. Alitaka kujua jambo moja tu, kama mtoto anakula.

Mama mkubwa alikuwa ameficha pipa jipya nyuma ya jiko, karibu na banda la kuku. Mchanga na kokoto vilikuwa tayari kwenye magunia. Baba mkubwa alikuwa amekwenda mjini kuleta bidhaa na asingerudi mpaka jioni. Mchimbaji alimsalimu mama mkubwa kama mtu waliyeonana jana, akamwonyesha namna ya kuosha mchanga, akamwambia aendelee kumchemshia mtoto hata pipa likiwa tayari. Walikuwa wameinama juu ya karai nilipomwona baba mkubwa, amerudi mapema, amesimama kwenye kona ya jiko, koti mkononi. Ningepaswa kusema kitu.

Mama mkubwa aligeuka akamwona. Mchimbaji naye akasimama polepole, mikono ikidondosha maji ya mchanga.

"Habari ya biashara, bwana?"

Baba mkubwa alitazama magunia, akatazama pipa. "Nani ameweka hii hapa?"

"Mimi," mama mkubwa akasema.

"Nyuma ya kuku?"

Kutoka ndani tulimsikia mtoto akiomba uji, sauti yake nyembamba, na baba mkubwa aligeuza kichwa kidogo kuelekea sauti hiyo.

"Ulinikatalia mbele ya watu," akamwambia mchimbaji.

"Ndiyo."

"Watu bado wanaongea."

"Hata kwangu."

Kuku mmoja alikuja akadonoa mchanga kwenye karai, mchimbaji akamsukuma kwa mguu.

"Ikishajaa haihamishiki, bwana," akasema. "Kama una mahali pengine, sema sasa. Kama hutaki, nitaosha mikono niende."

Baba mkubwa alimpa mkewe koti. Akakunja mikono ya shati, akainama, akashika pipa upande mmoja. "Shika huko."

Walilibeba kupita jikoni, wakazunguka nyumba, wakatokea mbele ya duka. Baba mkubwa alikuwa akitembea kinyumenyume na mchimbaji akimwelekeza kwa kidevu pale penye shimo. Barazani, mahali penye kivuli, walikaa vijana watatu wanne kwenye benchi lao la kila siku. Mmoja wao akamtazama mchimbaji kwa makini.

"Baba, si huyu ndiye yule mzee alichimba hii kisima yako?"

Mchimbaji alitazama chini. Baba mkubwa alikuwa amelemewa na pipa, jasho likimwingia machoni, na mikono yake haikuwa huru kujifuta.

"Ndiye," akasema. "Ondoa benchi."